Tundu Lililozibwa kwa Nta

Jumamosi ile kompyuta ya Mikidadi iliamka bubu.

Feni ilizunguka kama kawaida, diski ikatafuna ilichokuwa ikitafuna kila asubuhi, kisha ikafika pale ambapo sauti ya Kiingereza hutangaza kwamba mashine iko tayari. Mikidadi akasubiri. Akahesabu mpaka ishirini. Akabonyeza kitufe hiki na kile, akazima, akawasha upya, akahesabu tena mpaka ishirini. Kimya.

Kwa mtu mwingine kompyuta isiyo na sauti ni kero ndogo tu. Atakosa muziki wake, atanung'unika, ataendelea na kazi. Kwa Mikidadi lilikuwa giza. Surua ilimchukulia macho akiwa na miaka minne, huko Matombo kwa mama yake, na tangu hapo kila la maana duniani limemjia kwa masikio na kwa vidole. Mashine hiyo alipewa miaka mitatu nyuma na Agustino, mwenzake wa shule ya wasioona, ambaye aliiwekea mfumo wa Linux, ule usiolipiwa, pamoja na programu ya kusoma kwa sauti kila kinachoandikwa. Wenye macho walikuwa na kioo cha kompyuta, yeye alikuwa na kadi ya sauti. Kadi ikinyamaza, alibaki na sanduku la bati lenye joto.

Na Jumatatu saa tatu asubuhi sanduku hilo lilitakiwa liwe juu ya meza ya Bi Eufrazia, likisema.

Bi Eufrazia alikuwa mzaliwa wa Kinole, mwenye kampuni yake ya kununua matunda na viungo kutoka milimani. Huo ulikuwa mwaka 2006, soko huria limeshakomaa, na wakulima waliokuwa wakimsubiri mnunuzi kwa wiki nzima sasa walikuwa na simu za mkononi. Walipiga kutwa kucha: pilipili manga iko magunia kadhaa, nanasi zinaanza kuoza, lori liko wapi. Mama yule alitafuta mtu wa kuzipokea simu hizo na kuyaingiza maneno kwenye kompyuta. Mikidadi alisikia habari hizo sokoni, akapapasa na fimbo yake mpaka ofisini kwake, eneo la Boma, akaomba kazi.

Bi Eufrazia hakumcheka. Hilo Mikidadi alimpa sifa. Aliuliza tu kile ambacho kila mtu huuliza.

"Bwana Mikidadi, utaandikaje usichokiona?"

"Kwa vidole, mama. Na ukitaka nikusomee nilichoandika, nitakusomea."

"Haya. Njoo Jumatatu na hiyo mashine yako. Nitakupa simu tano. Ukiziandika zote na ukanisomea bila kukosea, tutazungumza. Lakini usije na mtu wa kukusomea. Nikitaka macho, nitaajiri mwenye macho."

"Nitakuja peke yangu," alisema Mikidadi, na alilisema kwa jeuri iliyomshangaza hata yeye.

Jeuri hiyo ilikuwa na asili yake. Miaka kumi na minne Mikidadi alikaa kwenye meza ya simu ya kiwanda cha serikali cha zipu na vifungo, mbele ya ubao wenye matundu sitini na nyaya kama utumbo wa mbuzi. Simu ilipoingia, alichomeka waya kwenye tundu la anayetafutwa, akawasikia wamepatana, akajitoa. Hakuna aliyemkuta amekosea tundu. Mwaka 1997 kiwanda kikauzwa. Mmiliki mpya akaleta mtambo unaojiunganishia simu, na Mikidadi akaandikiwa barua. Tarishi aliyetumwa kumpa aliambiwa amsomee, kwa kuwa "huyu hajui kusoma". Akamsomea kwenye korido, kwa sauti ya mahubiri, watu wakiwa kwenye foleni ya mshahara. Foleni nzima ilijua kwamba Mikidadi hana kazi kabla Mikidadi mwenyewe hajamaliza kuielewa sentensi.

Hajui kusoma! Mtu aliyemaliza vitabu vyote vya nukta nundu vilivyokuwa shuleni, akavirudia. Kupoteza kazi kulimuuma kama kulivyomuuma kila mtu mwaka ule, na walikuwa wengi. Lakini ile korido ilimkaa moyoni miaka tisa. Alijiapiza kwamba barua nyingine ya maisha yake hatasomewa na mtu.

Basi ndiyo hiyo Jumamosi, na mashine bubu.

"Asia," aliita, "weka hayo mafuta chini, njoo unishikie macho."

Asia alikuwa mdogo wake, aliyekuwa akiishi naye mtaani Mwembesongo. Asubuhi alikaanga vitumbua, mchana aliuza mboga za mlimani. Akaja akijifuta mikono kwenye kanga.

"Kaka, mimi Kiingereza changu kilibaki darasa la saba."

"Sitaki ukielewe. Nataka unitajie kilichoandikwa, herufi kwa herufi. Kuelewa niachie mimi."

Lakini kabla hawajaanza, akapita Fidelis. Huyu alikuwa fundi kompyuta mwenye kibanda jirani, kijana mwema, mdomo mrefu. Shida ya mtu ilikuwa haimpiti mlangoni bila yeye kujiingiza.

"Shikamoo, mzee Miki. Nasikia mashine imekata kauli."

"Marahaba. Haijakata kauli. Imenuna."

Fidelis akainama, akabonyezabonyeza, akaguna. "Mzee, hii Linux hapa mjini unayo wewe na nani? Mambo ya wazungu wasio na kazi hayo. Niachie, nikuwekee Windows, jioni unaikuta inaimba."

"Itanisomea?"

"Ipo programu yake ya kusoma."

"Bei gani?"

Fidelis akataja bei. Asia akaacha kujifuta mikono. Kwa fedha ile mtu angejenga vyumba viwili na kuezeka, na bado angebaki na za kununua kitanda.

"Zipo za kuibaiba pia," Fidelis akashusha sauti. "Au tufanye hivi, mzee. Jumatatu nije nawe, nikae pembeni, nikunong'oneze. Yule mama hatajua."

"Mimi nitajua," alisema Mikidadi. "Ahsante, Fidelis. Nenda kafungue kibanda, wateja wanakungoja."

Fidelis akaondoka akitikisa kichwa, na Asia akamwambia kaka yake kwamba kijana ametikisa kichwa. Mikidadi akasema atikise mpaka kidondoke.

Kisha akaanza kazi, na aliianza alivyofundishwa kwenye meza ya simu. Simu isiposikika, wajinga hupiga kelele zaidi. Mwendesha simu hapigi kelele. Anaufuata waya kutoka mdomoni mpaka sikioni, hatua kwa hatua, mpaka akute pale sauti ilipopotelea.

Alianzia sikioni. Akachomoa pini ya spika nyuma ya mashine, akaigusa ncha yake kwa kidole. Spika zikanguruma. Basi spika ni nzima na waya ni mzima. Akairudisha pini kwenye tundu lake, akalipapasa tundu lenyewe: la kadi ya sauti ya kuchomeka aliyoletewa na Agustino, chini kabisa, mahali pake. Nalo ni zima.

"Sasa naandika," alimwambia Asia. "Niambie nilichoandika kama ndicho kilichotokea."

Akaandika jina la programu ya kupandisha na kushusha sauti. Asia akasema vimetokea vinguzo, vimejaa rangi mpaka juu, kama vile vya redio ya shemeji.

"Chini ya kila nguzo kuna herufi gani? Ni M mbili, au sifuri mbili?"

"Sifuri mbili. Zote."

M mbili zingekuwa na maana kwamba sauti imefungwa. Sifuri zilimaanisha iko wazi. Mikidadi akakuna kidevu. Sauti iko wazi, imepandishwa mpaka juu, na haisikiki. Mtu wa kukata tamaa angekata hapo, na mtu wa kumwita Fidelis angemwita. Yeye akauliza, "Juu kabisa, pembeni, pameandikwa jina la kadi. Linaanza na herufi gani?"

"V."

"Hapana. Angalia vizuri. Ni E."

"Kaka, V naijua. Hii ni V kama ya Vumilia."

Mikidadi akaondoa vidole kwenye kibodi. Kadi yake ilianza na E. Alilijua jina lake herufi zote, Agustino alimtajia alipoiweka. Hii V ilikuwa nani? Akaandika amri nyingine, ya kuorodhesha kadi zote ambazo Linux imezikuta ndani ya mashine.

"Mistari mingapi?"

"Inaanza sifuri, halafu V na manamba yake. Kisha inakuja moja, halafu E na manamba yake."

"Wako wawili!" alisema Mikidadi, akapiga paja. "Asia, humu ndani wako wawili."

Asia akasogea nyuma kidogo, maana hakujua kaka yake anazungumzia wawili gani.

Mikidadi akamweleza. Mashine ile ilizaliwa na kadi yake ya sauti, imeshonewa humo humo kwenye ubao mkubwa. Kadi hiyo ilikuwa na sauti mbovu, ya kukwaruza, hata neno jepesi hulipati. Ndiyo maana Agustino alileta nyingine, akaizima ile ya kuzaliwa kwenye orodha ya mipangilio, ile inayotokea kabla Linux haijaamka. Na ili vidole vya Mikidadi visije vikadanganyika wakati wa kuchomeka, Agustino alisema tundu la zamani lizibwe. Mikidadi mwenyewe aliwasha mshumaa akaliziba kwa nta. Sasa ile kadi ya zamani imefufuka, imejiweka ya kwanza, na sauti yote inakwenda huko.

"Kumbe inaongea," alisema Asia.

"Inaongea tangu asubuhi. Imeunganishwa na tundu siyo, hakuna anayeisikia."

Akaizima mashine, akaiwasha, akagongagonga kitufe cha Delete mpaka Asia akasema kioo kimekuwa cha buluu. Hapo ndipo mahali ambapo Mikidadi hakuwahi kufika mwenyewe, kwa sababu pale sauti haijazaliwa. Asia akamwongoza. Shuka. Shuka tena. Ingia. Tafuta palipoandikwa A, u, d, i, o. Hapo. Asia akataja herufi zilizofuata, nazo zilisema imewashwa. Mikidadi akaizima.

"Na tarehe imekosea," alisema Asia. "Inasema tarehe mosi Januari, mwaka elfu mbili na mbili."

"Huo umeme wao wa mgao," alisema Mikidadi. Jana yake umeme ulikatika tangu asubuhi mpaka magharibi, kama ilivyokuwa mara kwa mara mwaka ule. "Umeivuruga. Irekebishe."

Hapo ndipo Mikidadi alipokosea, na tulitaje kosa lake waziwazi kwa kuwa yeye mwenyewe hakulificha baadaye. Tarehe ile ilikuwa inamwambia jambo, naye alikuwa na haraka ya kusikia sauti yake. Akahifadhi, mashine ikaamka upya, akahesabu mpaka kumi na moja, na ile sauti ya Kiingereza ikatangaza, kavu na safi, kwamba iko tayari. Asia akapiga kigelegele kimoja, akarudi kwenye vitumbua vyake.

Jumapili umeme haukukatika. Mashine ilikaa kwenye soketi, Mikidadi akafanya mazoezi mchana kutwa, Asia akijifanya mkulima wa kila namna. Fidelis alipita, akasikia, akasema ni bahati. Mikidadi akamwambia basi bahati hiyo ilikwenda shule.

Jumatatu waliipakia kwenye guta, baiskeli ya mizigo ya jirani: sanduku, kibodi, spika mbili. Kioo walikiacha nyumbani. Mikidadi alisema kioo ni cha wanaoona, na kule anakokwenda ameambiwa asiende na macho. Alivaa shati la mikono mirefu, na mfukoni, pale ambapo makarani huweka kalamu, aliweka sindano yake ya kuandikia nukta nundu, fupi, yenye kishikio cha mti. Alikuwa nayo tangu shule. Ubaridi wa mlimani ulikuwa bado haujaondoka mjini, na alitembea mkono mmoja juu ya sanduku kama mtu anayesindikiza bibi harusi.

Mlangoni pa ofisi Asia akamwambia, "Nakungoja hapa nje. Nitauza hata kitumbua kimoja."

Ndani walimwelekeza kwenye meza. Akachomeka mwenyewe kila waya, vidole vikijua njia. Akamsikia Bi Eufrazia ameketi mbele yake, na kushoto binti wa mapokezi, Hafidha, akiweka simu ya mezani karibu na mkono wake.

"Kioo kiko wapi?" aliuliza Bi Eufrazia.

"Sikitumii, mama."

Akawasha. Feni ikazunguka. Diski ikatafuna. Mikidadi akahesabu mpaka kumi na moja. Akafika kumi na tano. Akafika ishirini.

Kimya.

Akazima, akawasha. Kimya tena. Saa ya ukutani ilikuwa inagonga, na alimsikia Hafidha akibadili mguu.

"Imeharibika?" aliuliza Bi Eufrazia, na sauti yake ilikuwa na huruma. Huruma ilikuwa mbaya kuliko kicheko. "Hafidha, lete kioo cha mhasibu tumwazime. Chomekeni, kisha msomee anachotaka."

Hapo, jamani, pangekuwa rahisi. Hafidha angekuja na macho yake mawili mazima, angetaja herufi kama Asia, orodha ingepatikana, kadi ingezimwa, na kazi ingekwisha kwa dakika tano. Na Bi Eufrazia angejua kwamba siku mashine itakaponuna tena, atahitaji macho. Mikidadi aliyaona hayo yote kwa mkupuo mmoja, na damu ikamchemka.

"Hafidha, mwanangu, kaa," alisema. "Mama, uliniambia nisije na macho. Sikuja nayo. Usinipe ya kwako."

"Bwana Mikidadi, nakusaidia."

"Najua. Ahsante. Nipe dakika kumi."

Alisikia kiti kikilia. Bi Eufrazia alikuwa ameegemea nyuma. "Dakika kumi," alisema.

Angeweza kuandika amri ndani ya kimya kile, vidole vilizijua. Lakini akikosea herufi moja asingejua amekosea, na asingejua ameharibu nini. Akaiweka mikono juu ya meza, akajiuliza swali la mwendesha simu. Sauti ilikuwapo jana. Imepotelea wapi? Spika zile zile, kadi ile ile. Kilichobadilika ni nini? Imechomolewa, imepanda guta, imechomekwa. Imekaa bila umeme. Na Jumamosi? Jumamosi iliamka bubu baada ya Ijumaa ya kukosa umeme kutwa. Na tarehe ilikuwa mosi Januari.

Tarehe! Mikidadi nusura ajipige kofi. Mashine inakumbuka saa na mipangilio yake kwa kibetri kidogo kilichomo ndani, cha duara, kama cha saa ya mkononi. Kibetri kimekufa. Ikiwa kwenye soketi inakumbuka. Ikichomolewa inasahau yote, inarudi kuwa kama ilivyozaliwa. Na ilizaliwa na ile kadi mbovu. Basi hata sasa hivi inaongea, inaongea mbele ya Bi Eufrazia, kwa mdomo wake wa zamani, ndani ya tundu aliloliziba yeye mwenyewe kwa mkono wake.

Akaigeuza mashine, akapeleka kidole nyuma, akapanda taratibu. Hili la kibodi. Hili la printa. Hapa. Kidole kikakutana na kitu laini, kimejaa, kimeganda.

Akatoa sindano mfukoni.

"Unafanya nini?" aliuliza Bi Eufrazia.

"Nazibua, mama."

Nta ya miaka mitatu imekauka, haitoki kwa kubembelezwa. Aliikwangua kwa ncha, akaitoboa katikati, akaipindua, vipande vikadondoka juu ya meza nzuri ya watu. Hakuomba radhi. Dakika zilikuwa zinakwenda, na Hafidha alikuwa ameacha hata kupumua kwa sauti. Sindano ikazama. Akazungusha, akapuliza, akachomeka pini ya spika. Ikaingia nusu. Akaitoa, akakwangua tena pembeni, akapuliza mpaka kifua kikauma, akachomeka.

Spika zikakwaruza. Akabonyeza kitufe cha kurudia. Kisha ikatoka sauti mbovu, ya mafua, ya mtu aliyepiga kelele usiku kucha harusini, ikasema kwa Kiingereza kwamba iko tayari na inasubiri.

"Nami niko tayari," alisema Mikidadi. "Lete simu."

Simu ya kwanza ilitoka Kinole. Mkulima aitwaye Benedikto alizungumza haraka, Kiluguru na Kiswahili kwenye sufuria moja, magunia sita ya pilipili manga, mawili ya mdalasini, na lori liishie misheni kwa sababu huko juu ni matope matupu. Mikidadi alimjibu Kiluguru cha Matombo, na mtu yule akapunguza mwendo. Ya pili ilikuwa ya Salum wa Mikese, nanasi, na maneno mengi ya lawama ambayo Mikidadi aliyaandika pia. Ya tatu ilitoka Kisaki, mkulima aitwaye Rehani akiwa stesheni, treni ikimfunika kila neno la tatu. Hafidha alisema baadaye kwamba yeye asingelipata hata neno. Lakini mtu aliyesikiliza nyaya za serikali miaka kumi na minne hatishwi na treni. Ya nne ilikuwa fupi. Ya tano alikuwa mwanamke mwenye sauti ya kubana pua, aliyesema ana magunia nane ya iliki, kisha akapiga soga za mvua, kisha akasema basi hayo saba yake yaje kuchukuliwa Alhamisi.

"Nane au saba?" aliuliza Mikidadi.

"Andika tu."

"Siandiki tu, Mama Eufrazia. Umesema nane, sasa unasema saba. Na kiti chako hapa mbele kiko kitupu tangu simu ilipolia."

Kutoka chumba cha pili na kutoka kwenye simu kwa pamoja, akasikia mtu anacheka.

Alizisoma zote tano. Yaani aliiacha mashine izisome kwa lile koo lake bovu, majina ya Kiluguru yakivunjwavunjwa na Kiingereza, naye akiyarudia sawasawa nyuma yake. Bi Eufrazia alifuatilia kwenye karatasi yake, kwa kuwa simu zile alizipanga yeye mwenyewe. Hakukuta kosa.

"Hiyo sauti ni mbaya, Bwana Mikidadi," alisema mwishoni. "Inaumiza kichwa."

"Ni mbaya, mama. Ilikuwa imezibwa mdomo miaka mitatu. Kesho nitaiwekea kibetri kipya, nitairudisha ile nzuri. Leo hii ndiyo iliyokuja."

Bi Eufrazia alikwenda kwa Hafidha, wakazungumza chini chini, na kompyuta ya Hafidha ikaanza kulia vitufe. Ilichukua muda. Mikidadi alikaa akisafisha sindano yake kwa kitambaa, akijizuia kutega sikio, asiweze. Printa ikalia. Viatu vya mama vikarudi, na karatasi ikikunjuka mkononi mwake.

"Haya, hii barua yako," alisema. Akasafisha koo. "Kwa Bwana Miki..."

"Usinisomee."

Lilimtoka kwa ukali kuliko alivyokusudia. Mikidadi akarudi koridoni, akaisikia foleni, akamsikia tarishi na sauti yake ya mahubiri.

"Samahani, mama. Nakuheshimu sana. Lakini kama ni ndiyo au kama ni hapana, usinisomee. Hafidha aniwekee kwenye flashi. Nitaisoma mwenyewe."

Bi Eufrazia alisimama na karatasi yake. Nadhani hakuelewa, na hakuuliza. Akasema tu, "Hafidha, mwekee."

Flashi ikaja. Mikidadi akaipapasa, akaichomeka, akaifungua barua. Alipokuwa anatafuta kitufe, alimsikia Hafidha anainuka kwenda kufunga mlango, kwa adabu, ili watu wa nje wasisikie habari za mtu.

"Uache wazi," alisema.

Akapandisha sauti mpaka mwisho, akabonyeza. Lile koo bovu likaanza. Lilimwita Maikidedi. Likasema, kwa matamshi yake ya Kiingereza yenye mafua, kwamba kampuni inayo furaha kumwajiri kuwa karani wa simu, kwa majaribio ya miezi mitatu, kuanzia leo. Barazani Asia aliacha kuuza. Mikidadi alilisikiliza mpaka saini, bila kuinamisha kichwa, na lilipomaliza akabonyeza lisome tena.